Ahadi ya Picha Iliyovurugwa

Swali linalotushughulisha hapa ni la kimaadili: anayeivuruga picha mbele ya macho ya mwenzake ana wajibu gani kwa huyo atakayeiunga?

Tuchukue mfano wa chemshabongo ya picha iliyochezwa katika kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980, kama vile ZX Spectrum iliyotolewa Uingereza mwaka 1982. Mchezaji huonyeshwa picha nzima kwa muda mfupi. Kisha picha hufichwa, na vipande vyake 15 hutawanywa katika miraba 16. Mraba mmoja huachwa wazi ili kipande jirani kisogezwe humo. Nyenzo aliyo nayo ni kumbukumbu tu.

Programu yaweza kuvitawanya vipande kwa kuvisogeza kimoja kimoja, kama atakavyofanya mchezaji, au ikavipanga upya kwa bahati nasibu. Kwa macho, matokeo hayatofautiani. Hata hivyo, wanahisabati William Woolsey Johnson na William Story walithibitisha mwaka 1879 kwamba nusu ya mipangilio yote haiwezi kamwe kurejeshwa kwa kusogeza. Ndiyo maana Mmarekani Sam Loyd, aliyejidai kuwa mbunifu wa mchezo huu, aliweza kuahidi dola 1,000 kwa yeyote ambaye angebadilishana vipande vya 14 na 15 pekee. Fedha zake zilikuwa salama.

Kosa la mtunzi anayetegemea bahati nasibu bila kuhakiki matokeo si ugumu. Ugumu ni haki yake. Kosa ni kwamba mchezaji aliyekumbuka sawasawa hujiona amesahau. Vipande 13 vimetulia mahali pake, viwili vimepishana daima, naye huishuku kumbukumbu yake, ilhali ndiyo pekee iliyosema kweli.

Yamkini atatokea wa kupinga: ikiwa picha ina vipande viwili vya mbingu vinavyofanana kabisa, basi kila mpangilio huunganika, kwa kuwa hivyo viwili vyaweza kupishana pasi na jicho kugundua. Pingamizi hili ni zito kuliko linavyoonekana. Linatukumbusha kwamba kilichoahidiwa ni picha, wala si kila kipande na makao yake. Lakini halimtakasi mtunzi. Kilichomwokoa ni mbingu, si uangalifu wake.

Tofauti hii ina uzito kwa uhakiki. Wapo wasomaji wanaomlaumu Kezilahabi kwamba vipande vya Nagona (1990) na Mzingile (1991) haviungiki. Tunadai kwamba lawama hiyo haina mashiko, maana Kezilahabi hakutuonyesha kwanza picha nzima. Riwaya ya upelelezi, inayotuwekea maiti katika kurasa za mwanzo na kutuachia dalili, ndiyo hasa iliyo na ahadi ya aina hii. Nasi aghalabu huipita bila kuiuliza kama njia ya kurudi ilikuwapo tangu awali.