Kumwuliza Daktari Ijaza Yake



Wako watu waonao kwamba kumtaka daktari aonyeshe alikosoma ni kumvunjia heshima. Husema: mtu ametoka kwao akenda ng'ambo, amekaa miaka sita katika baridi, amerudi na shahada yake, kisha aambiwe, "Ngoja kwanza, tuulize kama ni kweli." Je, hiyo si dhana mbaya, na dhana tumekatazwa?

Wenye kusema hivi si wajinga. Lakini sura ya Al-Hujurat iliyokataza dhana na kupelelezana ndiyo hiyo hiyo iliyoamrisha, aya chache kabla, kuihakikisha habari ya mtu asiyeaminika, wasije watu wakadhurika kwa kutojua kwetu. Kutafuta aibu za mtu ni jambo moja. Kulihakikisha dai lake ambalo roho za watu zitalitegemea ni jambo jingine kabisa.

Tazama Kinampanda, wilaya ya Iramba, mkoa wa Singida, ambako wengi wetu wa pwani tunakupita kando tukienda Mwanza. Pana chuo cha ualimu pale, kwa hivyo watu wake wajua cheti ni kitu gani. Lakini mama wa Kinampanda aliyeshikwa na uchungu usiku atampimaje daktari? Fundi seremala akikosea, utauona mlango umekwenda upogo, utamwita aurekebishe. Daktari akikosea, mara nyingi kosa lake huzikwa kabla halijajulikana.

Wala mama huyo hawezi kuandika barua Havana wala Guangzhou. Humwulizia wengine. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ndiyo inayozitambua shahada za nje. Baraza la Madaktari Tanganyika humsajili daktari kwa muda, akafanya mwaka mzima wa utarajali hospitalini chini ya macho ya wakubwa wake, ndipo akasajiliwa kamili. Zanzibar ina baraza lake, na Kenya lake. Na uhakiki ulio wa kweli hauishii kwenye karatasi, kwani karatasi huchapwa. Huulizwa chuo chenyewe: je, huyu ni mwanafunzi wenu?

Sisi tuliosoma vyuoni hatupaswi kulishangaa hilo. Mabwana wa hadithi, mtu akisema amepokea kwa fulani, walitazama: walikutana? wapi? fulani alikuwa yu hai mwaka huo? Wakautaja udhaifu wa wapokezi waziwazi, wala hawakuuhesabu kuwa ni kusengenya.

Tarehe 28 Aprili, 2017, Rais John Magufuli alipokea Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti. Watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, wakaondoshwa kazini. Uhakiki ule ulikuwa wa vyeti vya sekondari na vya ualimu, si wa shahada za udaktari, lakini wahudumu wa afya nao walikuwamo. Hapa ndipo penye suala gumu. Tuseme mmoja wao ni muuguzi aliyeingia kwa cheti cha nduguye, kisha akausomea uuguzi kweli, akafanya kazi miaka ishirini, na mkono wake ni mwepesi. Kosa lake ni nini, ilhali kazi aijua?

Iko hadithi kwa Abu Daud na Nasai, ambayo maana yake ni kwamba anayetibu bila ya kujulikana kwa utabibu atadhamini madhara atakayoyaleta. Zingatia: sharti si ajue tu, bali ajulikane kuwa anajua. Yule muuguzi huenda akawa anajua, lakini shahidi wa mwanzo aliyemfungulia mlango alikuwa wa uwongo, na wagonjwa waliomwamini hawakuambiwa. Hiyo ndiyo haki yao iliyochukuliwa, hata wale aliowaponya. Ama jasho lake ni lake. Mwaka 2022 serikali iliamua watu wale warudishiwe michango yao ya mifuko ya hifadhi ya jamii, nami naona ni sawa.

Lakini mwenye kuuliza naye ana deni. Vita vya Ukraine vilipozuka Februari 2022, wanafunzi wengi wa udaktari kutoka nchi za nje, Watanzania wakiwamo, walikimbia. Aliyekosa karatasi kwa ajili ya mabomu hawi sawa na aliyeinunua, na kuwapima wote kwa kibaba kimoja ni dhuluma. Kadhalika ofisa anayeilaza barua ya kijana mezani miezi na miezi: wazee wake waliuza ng'ombe, naye yupo tu, na Kinampanda wanangoja daktari. Mgonjwa aliyekufa kwa kukosa daktari, msiba wake si mdogo kuliko wa aliyeuliwa na daktari wa uwongo.

Basi wewe mzazi wa Tanga au Unguja, uliyeletewa sifa za chuo cha mbali, usianze kuuza minazi. Uliza kama chuo kile chatambuliwa nyumbani. Kwa Bara, TCU hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje. Mwulize na wakala anayekuhimiza ulipe kabla ya Ijumaa: chuo kiko wapi, nani wamesoma huko wakasajiliwa hapa? Akikasirika kwa kuulizwa, chukua fedha zako urudi nazo nyumbani.