Kumfichia Mtoto Kilicho Chake

Miongoni mwa wazazi wa watoto wenye umri kati ya mwaka mmoja na miaka mitatu umeenea ushauri ambao, ukitazamwa juujuu, ni wa kupanga nyumba tu: vitu vya kuchezea vigawanywe mafungu, fungu moja liachwe mahali ambapo mtoto anaweza kulifikia mwenyewe, mafungu mengine yawekwe kabatini au chini ya kitanda, na baada ya wiki moja au mbili yapokezane zamu. Ushauri huo ni mzuri na una ushahidi wa kuutetea, lakini ndani yake limo swali la kimaadili, yaani swali la lililo haki kutendwa hata pale ambapo lililo rahisi linajulikana, na wengi hulipita bila kulitazama: ni kwa mamlaka gani mtu mzima humnyima mtoto, hata kwa muda, kitu alichokwisha kumpa, ilhali mtoto huyo bado hana maneno ya kukubali wala ya kukataa?

Desturi yenyewe si ngeni. John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza, aliieleza karibu yote katika kitabu chake juu ya malezi kilichotolewa mwaka 1693, ambamo alishauri kwamba watoto wawe na vitu vya kuchezea vya aina mbalimbali, ila vitunzwe na mlezi, na mtoto apewe kimoja kwa wakati, asipate kingine mpaka amerudisha alichokuwa nacho. Locke aliona kwamba jiwe laini, kipande cha karatasi au funguo za mama humfurahisha mtoto mdogo sawasawa na vitu vya bei kubwa vya madukani, na alimtaja mtoto mmoja aliyezoeshwa vitu vingi mno hata akawa anamchosha mtumishi wake kila siku kwa kuvipitia vyote, huku akiuliza daima kuna nini kingine. Hofu yake ilikuwa juu ya tabia, kwamba wingi humfundisha mtoto kutamani asichonacho kabla hajakijua alichonacho. Hata hivyo inastahili kuangaliwa kwamba Locke huyohuyo, ambaye katika maandiko yake ya siasa alikuwa mtetezi mkubwa wa haki ya mtu kumiliki mali, hapa hakuuliza vitu hivyo ni vya nani. Alitosheka na hoja kwamba mtoto, kwa kuwa akili yake haijakomaa, yuko chini ya uangalizi wa wakubwa. Hoja hiyo ni ya kweli lakini haitoshi, kwa sababu kumwangalia mtu kwa faida yake na kumtawala kwa faida ya mwangalizi ni mambo mawili, nayo hutofautishwa na kusudi.

Kipimo cha kwanza cha kusudi hilo kinaonekana kwa Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani ya kale, ambaye katika kitabu cha nane cha *Siasa* anakisifu kifaa kimoja, aina ya kayamba ambalo watoto hupewa ili wajishughulishe nalo wasivunje vyombo vya nyumbani, kwa kuwa kiumbe mchanga hawezi kutulia. Sifa hiyo inakipima kitu cha kuchezea kwa faida ya nyumba: vyombo vimesalimika na wakubwa wamepumua. Simu inayowekwa mikononi mwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu ili mama amalize kupika ni kayamba hilohilo lililobadilika umbo, ingawa Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, halipendekezi kabisa mtoto wa mwaka mmoja akalishwe mbele ya skrini, na kwa mtoto wa miaka miwili linaweka ukomo wa saa moja kwa siku. Mama huyo hana kosa kwa kutaka utulivu, maana kazi za nyumba hazimsubiri mtu. Lakini utulivu wake usihesabiwe kuwa ni masomo ya mtoto.

Kipimo cha pili kiko mbali sana na hicho. Maria Montessori, daktari Mwitalia aliyefungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa San Lorenzo mjini Roma tarehe 6 Januari 1907, alisimulia jinsi alivyomwona msichana wa miaka kama mitatu akitia na kutoa vigogo vya mbao vya mviringo katika matundu yake, akirudia zaidi ya mara arobaini, bila kugeuzwa na nyimbo za wenzake wala na kuinuliwa pamoja na kiti chake na kuwekwa juu ya meza, mpaka akaacha kwa hiari yake, akiwa na uso wa mtu aliyeamka katika usingizi mzuri. Kinachopimwa hapa ni umakini, maana yake hali ya nafsi kukikabili kitu kimoja kwa hiari, bila kusukumwa na hofu wala na tuzo. Simone Weil, mwanafalsafa Mfaransa aliyeishi kati ya mwaka 1909 na 1943, alipoandika juu ya masomo ya shule alifikia hatua ya kuuona umakini uliotimia kuwa ndio kiini cha sala. Na kama ni hivyo, mtoto aliyeinamia vigogo vyake hafanyi jambo dogo, na anayemkatiza bila sababu anapaswa kuona haya.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwatazama watoto 36 wenye umri wa miezi 18 hadi 30, kila mmoja akicheza mara moja akiwa na vitu vinne na mara nyingine akiwa na vitu kumi na sita; penye vinne watoto walikaa na kila kitu muda mrefu zaidi na wakakitumia kwa namna nyingi zaidi. Watoto 36 ni wachache na matokeo hayo hayafai kutiwa chumvi, lakini yanalingana na yale anayoyaona yeyote mwenye subira ya kukaa sakafuni na kutazama. Mtoto wa miezi kumi na sita aliyepewa kopo tupu la maziwa ya unga, ambalo kifuniko chake kimekatwa tundu la kupita mkono wake, pamoja na vibanio vya nguo vya mbao, kwanza hutumbukiza kibanio kimoja na kusimama kidogo kuusikiliza mlio. Hutumbukiza cha pili, huchungulia, kisha hutia mkono kukifuata, na mkono hukwama kwa sababu ngumi iliyoshika kibanio haipiti palipopita vidole vilivyonyooka. Huvuta, hukasirika, huachia, hutoa mkono mtupu na kuutazama, halafu hulipindua kopo na kulitikisa mpaka vibanio vinadondoka kimoja kimoja, naye huanza upya. Katika dakika hizo amekutana na uhusiano wa chombo na kilichomo, wa uzito na mlio, wa tendo na matokeo yake, na hakuna aliyemfundisha. Lau pembeni yake lingekuwapo gari la betri linaloimba na kuwasha taa, ile ngumi iliyokwama ingetosha kumfanya aliache kopo, na asingefika kwenye kulipindua.

Vitu vya namna hii karibu havina gharama: kifuu cha nazi kilichosuguliwa, mwiko, sufuria ndogo na mfuniko wake, gunzi la mahindi, vipande vya kanga vya kuvutwa kutoka ndani ya boksi. Visiwe na ncha kali wala rangi inayobanduka, na visiwe vidogo kiasi cha kuweza kumkaba mtoto kooni. Vinne au vitano kwa wakati vinatosha, na siku ya kuvibadilisha haitoki kwenye kalenda, kwani mtoto mwenyewe huionyesha anapovipita bila kuvigusa.

Faida hiyo ikikubaliwa, swali la mamlaka bado liko palepale, kwa kuwa si kila linalomfaa mtu linaruhusu mwingine kutia mkono katika mali yake. Huenda ikasemwa kwamba kopo na vibanio si mali bali ni mambo ya kitoto. Augustino wa Hippo, mwanateolojia Mkristo, aliidhoofisha hoja hiyo tangu zamani, alipokumbuka katika *Maungamo* jinsi alivyopigwa utotoni kwa kosa la kucheza, huku waliompiga wakiwa na michezo yao wenyewe waliyoiita shughuli, na mwalimu wake akishindwa na mwenzake katika hoja ndogo aliungua kwa wivu kuliko mtoto aliyeshindwa katika mpira. Thamani ya kitu kwa mwenyewe haipungui kwa sababu sokoni hakina bei.

Fikihi ya Kiislamu, yaani elimu ya hukumu za sheria, inalitazama jambo hili kwa makini kuliko Locke. Kwayo hata mtoto mchanga anaweza kumiliki: zawadi aliyopewa ni yake, na mzazi ni walii, msimamizi anayeishika mali kwa niaba ya mtoto na kwa masilahi yake. Qur'ani inakataza kuikaribia mali ya yatima isipokuwa kwa njia iliyo bora, na ingawa amri hiyo inamtaja yatima, hekima yake inamfikia kila asiyeweza kujitetea. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inaeleza kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) aliletewa kinywaji, kuliani kwake akiwa ameketi kijana mdogo na kushotoni kwake wazee, akamwomba kijana ruhusa ya kuwatanguliza wazee, kijana akakataa kuliachia fungu lake, naye akampa. Nyingine, iliyomo katika *Sunan* ya Abu Dawud, inamhusu mama aliyemwita mwanawe kwa kumwahidi kitu, Mtume akamuuliza alikusudia kumpa nini. Alipojibu kuwa ni tende, akaambiwa kwamba kama asingempa chochote angeandikiwa uongo. Naye mwanachuoni Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake *Ihya* alionya kwamba kumzuia mtoto kucheza na kumlemea kwa masomo daima huufisha moyo wake.

Mafundisho hayo yakiwekwa pamoja, mzazi anayeficha vitu vya kuchezea ana mamlaka ya mwenye amana, mtu aliyekabidhiwa kitu ili akitunze na akirudishe, na mamlaka hayo yana mipaka. Kitu kinachofichwa ili mtoto akikute tena kwa macho mapya kimetunzwa. Kinachofichwa kisirudi kamwe, au kinachoshikwa juu kama kitisho ili ale uji, kimeporwa, hata kama aliyekipora ndiye aliyekinunua.

Umri nao hubadilisha uzito wa tendo. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyewachunguza watoto wake watatu kwa miaka mingi, alionyesha kwamba mtoto ambaye hajafika miezi minane kwa kawaida hakitafuti kitu kilichofunikwa mbele yake, na kwamba kati ya miezi kumi na minane na ishirini na minne anaweza kukiwaza kitu kilichotoweka na kukifuata mahali ambapo hakukiona kikiwekwa. Kwa hiyo kuvihamisha vitu usiku mtoto akiwa amelala, jambo ambalo kwa mdogo kabisa halina madhara, kwa mkubwa kidogo linakaribia hadaa, maana yeye anajua kwamba kitu chake kiko mahali fulani na kuna mtu amekiondoa. Kwa huyo ni bora vitu vikusanywe mbele ya macho yake, yeye mwenyewe akivitia kikapuni, na aambiwe kwa maneno machache kwamba vitarudi, kisha virudi kweli. Kile anacholala nacho, kiwe kipande cha kanga ya mama au mwanasesere aliyechakaa, kisiingizwe katika zamu kabisa.

Katika nyumba ambamo watoto wa ndugu hulelewa pamoja hali ni ngumu zaidi, kwa sababu kitu ni cha wote, na fungu linalotolewa leo huwa ni riziki ya mmoja kuliko mwingine. Hapo mkubwa anayegawa anahitaji kujua ni nani kati yao ambaye hajapata bado kulishika kopo. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Tanzania mwaka 2021, inataja malezi yenye mwitikio, yale ambayo mlezi huzisoma ishara za mtoto na kuzijibu, sambamba na ujifunzaji wa awali. Na ni sawa viwekwe pamoja, kwa sababu zamu inayopangwa bila kumtazama mtoto ni kuhamisha vyombo tu. Mtoto anapokaribia miaka mitatu na maneno yakaanza kumtosha, ruhusa ambayo hapo awali mzazi aliikisia sasa inaweza kuombwa: aulizwe kipi kiingie kabatini na kipi kibaki, na akisema gari la waya libaki, libaki, hata kama mzazi anaona muda wake umekwisha, na zamu ianzie kwa vingine.