Moshi Umehamia Wapi?

Husemwa kwamba gari la umeme halina moshi. Usemi huo ni wa kweli kwa mtu aliyesimama nyuma ya gari. Waliosimama mahali pengine yafaa waulizwe kwanza, maana moshi una tabia ya kuhama, na mara nyingi anayefurahia kwamba umemwondokea hana habari umepiga hodi kwa nani.

Sisi wa Kigoma tuna sababu ya kulichunguza jambo hili kuliko wengine. Hadi mwaka 2022 umeme wetu ulitokana na majenereta ya dizeli. Dizeli hiyo ilisafirishwa kutoka pwani, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200, ikachomwa hapa ili taa ziwake Mwanga na Ujiji. Kama mwaka 2015 mtu angeleta gari la umeme akalichaji nyumbani kwake Gungu, lingekuwa gari la dizeli lililoficha injini yake nyuma ya ukuta wa kituo cha umeme. Majirani wa kituo wangevuta moshi wake, naye angepita barabarani kimya, akijiona mstaarabu. Oktoba 2022 majenereta yakazimwa, mkoa ukaunganishwa na Gridi ya Taifa kupitia Nyakanazi. Mwaka 2024 mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, ambalo uwezo wake ni megawati 2,115, ikaanza kuingiza umeme katika gridi hiyo hiyo. Gari ni lile lile na waya ni ule ule, lakini swali la wema na ubaya wake limepata jibu jingine. Wapo wanaopenda kanuni za maadili zisizotikisika, ambao watasumbuliwa na habari hii. Mimi hainisumbui. Mtu mwaminifu hujua kwamba tendo moja laweza kuwa la haki mwaka huu na lisiwe la haki mwaka jana, ikiwa mambo yaliyo nyuma yake yamebadilika.

Nimelifikiria sana kwa sababu ninayo Land Rover ya zamani, ya dizeli, ambayo injini yake imechoka. Mpwa wangu ni fundi wa magari. Mwaka jana alinijia na wazo ambalo alikuwa amelipikia moyoni muda mrefu: tuing'oe injini, tuweke mota na betri. Hakuwa anaota. Nairobi kuna kampuni iliyoanza mwaka 2017 kwa jina la Opibus, ambayo sasa huitwa Roam, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kugeuza Land Cruiser na Land Rover za mafuta kuwa za umeme. Hapa nchini, mwaka 2018 magari ya watalii yaliyogeuzwa kwa namna hiyo yalianza kuingia Serengeti. Wanyama, nasikia, hawakimbii gari lisilonguruma.

Mpwa wangu alinieleza kazi ilivyo. Unatoa injini, rejeta, tangi na bomba la moshi. Gia boksi waweza kuiacha, ukachonga bamba la chuma la kuishikiza mota pale palipokuwa na injini. Kisha kuna kifaa cha kupima umeme unaokwenda kwenye mota kufuatana na mguu wako, chaja, na betri yenyewe, ambayo ndiyo nusu ya gharama au zaidi. Yapo pia mambo madogo ambayo asiye fundi hayawazii. Breki za gari husaidiwa na mvuto wa hewa unaotokana na kuzunguka kwa injini. Ukiiondoa, unabaki na pedali ngumu kama jiwe. Lazima ununue pampu ndogo ya umeme kwa kazi hiyo tu. Nilipenda sana habari hii ya breki, sijui kwa nini. Labda kwa sababu inaonyesha jinsi kitu unachokichukia kinavyokuwa kinakufanyia hisani nyingine kimya kimya.

Wapo waliomuuliza kama litabaki gari lile lile. Swali hilo ni la zamani, na watu wa ziwa hili walilimaliza bila kuandika vitabu. Meli yetu ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa meli na reli, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, nayo ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina jipya. Ilikuwa ya mvuke hadi miaka ya 1970, ilipowekewa injini za dizeli. Sijasikia abiria wa Kirando au Kasanga aliyekataa kupanda kwa hoja kwamba meli hii si ile. Walitaka kufika.

Basi tuje kwenye kufika. Land Rover nzito hutumia uniti moja ya umeme kwa kilomita tatu hivi, pengine pungufu ukiwa unapanda. Safari ya Kasulu ni karibu kilomita 100, nayo ni ya kuupa ziwa mgongo na kupanda. Kwenda na kurudi bila wasiwasi kunahitaji betri ya uniti 70 au zaidi. Kurudi kuna nafuu, kwa sababu mota hugeuka kuwa jenereta gari linapoteremka na kurudishia betri sehemu ya ilichotumia. Umeme ukikatika, unangoja. Na vifaa hivi vikiharibika, je, fundi wa Mwanga ataweza kuvifungua, au vimefungwa kwa namba za siri zinazojulikana na aliyeviuza tu? Mali ambayo fundi wako haruhusiwi kuifungua ni mali ya kukodi, hata kama ulilipa bei yote. Lakini mpwa wangu alikuwa na majibu ya hayo, na mengi yalikuwa mazuri.

Swali lililonishika lilitoka ng'ambo. Siku ambazo anga ni safi tunaiona milima ya Kongo kwa macho yetu. Mmoja wa mikoa iliyo upande ule huitwa Tanganyika kama ziwa lenyewe. Makao makuu yake ni Kalemie, na mizigo kutoka bandari ya Kigoma huvuka kwenda huko tangu enzi za Wabelgiji. Ndani ya mkoa huo, mbali na maji, uko mji wa Manono. Zamani ulichimbwa bati. Sasa unatajwa dunia nzima kwa sababu ya lithiamu, madini ambayo bila hayo betri ya mpwa wangu haipo, na makampuni makubwa ya kigeni yamegombania haki ya kuyachimba hadi mahakamani. Kusini zaidi iko Kolwezi yenye kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, na mwaka 2016 shirika la Amnesty International lilieleza jinsi watoto wanavyofanya kazi kwenye machimbo hayo.

"Mjomba," aliniambia, "betri nitakayoagiza ni ya aina ya fosfati ya chuma. Haina kobalti hata chembe."

"Na lithiamu?"

"Lithiamu imo. Bila hiyo hakuna betri."

Sikumlaumu. Ila mtu aliyekulia Ujiji hawezi kulisikia jambo hili kama anavyolisikia mtu wa mji mwingine. Ujiji ilikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo. Pembe za ndovu za Manyema zilivuka ziwa zikapita hapa, na binadamu walipita pamoja nazo, wengine wakizibeba, wengine wakiwa wao wenyewe ndio bidhaa. Kutoka Unguja pembe nyingi zilikwenda Marekani, katika jimbo la Connecticut, zikakatwa vibao vya piano. Binti aliyekaa sebuleni akijifunza kupiga piano hakumwona mpagazi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mbali tu, na umbali ulimfanyia kazi ya kumsafisha. Sisi hatuna umbali huo. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, imepokea Wakongo tangu mwaka 1996. Wengi wao walitoka Kivu Kusini, si Manono, lakini ukikaa nao utajua ni kwa kiasi gani nchi yaweza kuwa tajiri chini ya ardhi na watu wake wakalala chini ya turubai.

Hapo kuna mtego ambao nimewaona watu wenye akili wakiingia. Wakishajua habari za Kolwezi, husema: kumbe ni yale yale, heri nibaki na dizeli yangu. Hoja hiyo ni ya uvivu. Mafuta nayo yana mito yake iliyochafuliwa, kama wajuavyo wavuvi wa delta ya Niger, na yana vita vyake. Tena mafuta huchomwa mara moja yakaisha. Kesho unataka mengine. Madini ya betri hubaki ndani ya betri na kufanya kazi kwa miaka. Anayesema pande zote mbili zina dhambi, kwa hiyo hakuna haja ya kuchagua, mara nyingi ameshachagua, naye anatafuta tu pa kujificha.

Kwangu mimi swali liligeuka. Nilianza kuuliza betri itafanya kazi kiasi gani. Kama kuna mtu aliyeinama shimoni kwa ajili yake, basi haki yake ya kwanza kwangu ni kwamba nilichopokea kisilale bure. Betri ya uniti 70 inayoegeshwa uani siku nne kati ya tano ni jasho la mtu lililowekwa kabatini. Bodaboda ya umeme hutumia betri ya uniti tatu hivi. Kwa betri ya gari langu moja zingetembea pikipiki zaidi ya ishirini, kutwa nzima. Na kwa hesabu ya mfukoni pia ni hivyo: pikipiki huenda kama kilomita 25 kwa uniti moja isiyofika shilingi 400, wakati mwaka 2024 lita moja ya petroli ilizidi shilingi 3,000, na Kigoma, kwa ajili ya umbali, bei yetu huwa juu ya ile ya Dar es Salaam. Wavuvi wa dagaa walielewa mapema kuliko wenye magari. Wengi wameacha karabai za mafuta ya taa na kuchukua taa za betri, betri ndogo inayofanya kazi kila usiku wa giza. Nani atasema imelala?

Nilimpa mpwa wangu daftari la shule nikamwomba tuandike safari za Land Rover kwa miezi mitatu. Ilitoka siku 41. Katika hizo, siku 34 nilikuwa peke yangu, nikienda sokoni Kibirizi au kumjulia mtu hali Maweni. Siku saba zilikuwa na mzigo wa kweli: saruji, mabati, wanandoa, mgonjwa kutoka Kalinzi, na msiba wa jirani.

Nikamwambia fedha ya mota tununulie pikipiki mbili za umeme, moja ya nyumbani, moja aendeshe kijana tunayemwamini. Land Rover itengenezwe injini ile ile ya dizeli kwa ajili ya siku za mzigo.

"Yaani unataka kuacha gari litoe moshi, nawe ndiye unayehubiri?"

"Siku saba kwa miezi mitatu."

"Na mgonjwa aliyelazwa nyuma, avute moshi huo?"

Swali lake lilikuwa zito, na sikuwa na la kulizima. Tulikubaliana kwamba siku za mzigo zikivuka hamsini kwa mwaka, injini itang'olewa. Daftari analishika yeye, halali bila kuliandika. Kufikia juzi, mwezi wa saba, zilikuwa kumi na tisa, na ameanza kuwatangazia majirani kwamba gari letu linapatikana kwa harusi.