Hizi "Ndege Zetu"

Je, mtu aweza kudaiwa kitu kilichochukuliwa na mwingine kabla yeye hajazaliwa? Wenye hekima zao wameliuliza swali hili tangu zamani na hawajalimaliza. Mimi, ndugu msomaji, sikuliokota kwenye kitabu cha falsafa, maana hapa Bariadi kukipata kitabu hicho ni kazi kweli kweli. Nimeliokota kwenye habari za ndege.

Ndege yenyewe ni Airbus A220-300, jeti ya safari fupi na za kati. Ilibuniwa na Bombardier wa Kanada ikaitwa CSeries, kisha Julai 2018 Airbus wakaishika na kuibatiza upya. Swiss ndio walioanza kurusha ndege za ukoo huu mwaka 2016, airBaltic wa Latvia wakafuata mwaka uleule, na baadaye Delta wa Marekani. Kwa Afrika tuliotangulia ni sisi: ya kwanza ya Air Tanzania ilitua Dar es Salaam Desemba 2018, viti 132, twiga mkiani. EgyptAir walikuja nyuma yetu, nao zao wameshaziuza. Basi watu wakashangilia, na wengi wa walioshangilia hawajapanda hata ngazi yake. Mtu wa Simiyu akitaka jeti sharti aende Mwanza, na Mwanza kwenyewe anakwenda na basi la kupitia Lamadi, kabanwa, mtoto wa watu kamlalia begani. Lakini hata yeye utamsikia: "Ndege zetu!" Hilo neno "zetu" ndilo nataka tulipekue.

Agosti 2019 mojawapo ya A220 hizo ilizuiwa Johannesburg kwa amri ya mahakama. Mdai alikuwa Hermanus Steyn, mkulima ambaye mali zake hapa Tanzania zilitaifishwa na serikali miaka ya 1980. Alidai kwamba fidia haikumalizwa kulipwa, na riba imeota juu yake, jumla dola milioni 33 hivi. Wakati huo ndege za Air Tanzania zilikuwa za Serikali, kampuni ilizikodi tu kutoka Wakala wa Ndege za Serikali, kwa hiyo aliyeidai Serikali akiiona ndege aliona mali ya mdaiwa wake. Mahakama iliiachia mapema Septemba mwaka huohuo. Wala hadithi haikuishia hapo. Desemba 2022 A220 nyingine ikashikwa Uholanzi, safari hii kwa kampuni ya Kiswidi iliyonyang'anywa ardhi Bagamoyo ilipotaka kulima miwa.

Nikiwauliza vijana wenzangu wanajibu kwa mkato: "Sisi yanatuhusu nini? Mwaka 1982 baba yangu alikuwa anachunga ndama." Jibu tamu hilo, tena lina haki ndani yake. Nani alikuuliza wewe kabla ya kutaifisha? Ulitia sahihi wapi?

Ngoja kidogo. Kwetu Usukumani mzee akifa na ng'ombe wa watu wako zizini, wanawe hawasemi "sisi hatukuwapokea." Ng'ombe wale wamezaa, maziwa yao ndiyo yaliyomkuza huyo huyo anayetaka kukana. Ukirithi zizi umerithi na maneno yake. Na sisi Watanzania tunarithi kwa raha zote yale matamu: uhuru wa 1961 ni "wetu", Mlima Kilimanjaro ni "wetu", twiga wa mkiani ni "wetu", ingawa hakuna tulichokifanya kumfanya twiga awe na shingo. Huwezi kusema "sisi" kwenye ngoma halafu kwenye hesabu ukageuka "wao". Hiyo ni janja ya mlevi anayetoka kupitia mlango wa uani bili inapoletwa.

Atakuja mtu aniambie: kwa hiyo tunabebeshwa lawama za wazee? Hapana bwana. Lawama ni kitu kimoja, deni ni kingine. Aliyetaifisha huenda alikuwa na sababu zake nzuri tu. Nchi ilikuwa inajaribu kugawa upya kilichogawanywa vibaya na mkoloni, na mimi siwezi kumhukumu kutoka kibarazani. Lawama ni ya aliyetenda, akifa anakwenda nayo. Deni limekaa kwenye kitu, na kitu hakifi. Ahadi ya kulipa ilitolewa kwa jina la nchi, na nchi ni ileile.

Mpaka hapo naona niko upande wa mdai. Lakini kuna jambo moja linanikwama kooni kama mwiba wa sangara.

Msimu uleule wa 2019 bei ya pamba duniani ilianguka. Wakulima wengi wa mkoa huu waliipeleka pamba yao kwenye mizani, wakaandikiwa stakabadhi, wakarudi nyumbani kusubiri. Wakasubiri miezi. Ada za shule zikafika, pesa hakuna. Hao nao walikuwa wadai, tena deni lao halikuwa la enzi za baba, lilikuwa la juzi, na kila mtu alilikubali. Hakuna aliyelibisha! Lakini ni nani alikwenda mahakamani kuzuia lori lililobeba pamba yake? Mkulima wa Itilima au Meatu angeshika nini? Hana wakili Johannesburg. Hajui hata ndege ya mdaiwa wake, kama anayo, inalala wapi.

Hapo ndipo ninaposhindwa kulala. Tukisema deni ni deni, mbona la mmoja lina uwezo wa kusimamisha jeti ya viti 132 na abiria wakakosa safari, na la mwingine halisimamishi hata baiskeli? Kama ndege ni "zetu", basi na mama mwenye stakabadhi mfukoni ana kipande chake katika ile iliyozuiwa, hata kama ni kiti kimoja, hata kama ni mkanda wa kiti. Yeye ni mdaiwa wa mkulima wa Afrika Kusini na papo hapo ni mdai asiyelipwa. Mlango huu anagongewa, na ule anagonga yeye.

Nimemuuliza mzee mmoja jirani, mkulima wa pamba tangu ujana wake, kama anajiona mmoja wa wenye ndege. Akacheka sana. Kisha akaniuliza nauli ya kwenda Dar ni shilingi ngapi.