Yaya Alale Wapi? Deni Letu kwa Anayetulelea Watoto



Swali la juma hili ni la nyumbani kabisa: yaya anayetulelea watoto alale kwetu, au aje asubuhi na kurudi kwake jioni? Kwa kawaida tunalijibu kwa kuhesabu vyumba na fedha. Tunaomba leo tulitazame kama swali la haki, kwa kuwa ni mara chache tunamwuliza mwenyewe anataka nini.

Tunajua kwa nini linatugusa. Zhanqian maana yake ni "mbele ya stesheni", na maisha ya barabara hii ni maisha ya mizigo. Asubuhi ni maduka ya jumla ya nguo na wateja wanaotaka kusindikizwa sokoni. Jioni ni kufunga mizigo na kuikimbiza kwa watu wa kago. Usiku ni simu, maana nyumbani wako nyuma yetu kwa saa tano, na mteja wa Kariakoo au Eastleigh anapomaliza kazi yake huku kwetu watoto wameshalala. Ikifika Aprili na Oktoba, wakati wa Maonesho ya Canton, hata hiyo nafasi ndogo ya kupumua huisha. Bibi ambaye angeshika mtoto yuko Mwanza au Kisumu. Lazima apatikane mtu.

Mtu huyo huwa mmoja wa watatu. Wa kwanza ni ayi wa Kichina, mara nyingi mama aliyetoka Hunan au Guangxi kutafuta kazi Guangzhou. Wa pili ni binti wa kwetu aliyeletwa huku kusaidia. Wa tatu haonekani hapa: ni dada aliyebaki Dar es Salaam au Nairobi na watoto tuliowaacha, ambaye tunamtumia mshahara kwa simu. Hali zao ni tofauti, lakini swali la usiku linawahusu wote.

Jina la undugu

Tuanze na namna tunavyowaita. Ayi kwa Kichina ni mama mdogo. Tanzania tunasema dada, Kenya wengi husema anti. Lugha hizi hazikukaa pamoja zikakubaliana, lakini zote zimempa mlezi jina la ndugu. Jambo hilo ni zuri. Mtoto hawezi kulelewa na "mwajiriwa". Analelewa na mtu anayempenda, na upendo unahitaji jina.

Hatari ni pale jina hilo linapotumika kufuta hesabu. Tunasema, "Yeye ni kama mmoja wetu," na sentensi hiyo inaweza kwenda njia mbili. Inaweza kumaanisha anakula tunachokula, akiugua tunampeleka hospitali, akifiwa tunamsafirisha. Inaweza pia kumaanisha hana saa ya kumaliza kazi, kwani ndugu haangalii saa. Jumba likipata faida, mali ni ya wenye nyumba na watoto wao, yeye harithi. Kama ni ndugu wakati wa kazi tu, na si wakati wa kugawana, basi undugu huo umemnyima kitu badala ya kumpa. Tunavyoelewa sisi, undugu wa kweli huongeza deni, haulifuti.

Kitanda kinagharimu kiasi gani?

Sheria ya Tanzania inatusaidia kuliona jambo hili kwa tarakimu. Amri ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 2013 iliweka shilingi 80,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida asiyeishi kwa mwajiri, na 40,000 kwa anayeishi humo. Amri ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilipandisha viwango hivyo kuwa 120,000 na 60,000. Pengo lilibaki lile lile: anayelala ndani aliweza kulipwa nusu.

Sababu yake inaeleweka. Anayelala ndani halipi kodi ya chumba, halipi daladala, na anakula kwetu. Wengi wao huchagua hivyo kwa hiari, na wana haki ya kuchagua. Msichana aliyetoka Singida au Iringa hana pa kufikia mjini. Ayi aliyetoka Hunan anajua chumba Guangzhou kitameza sehemu kubwa ya anachotaka kumpelekea mwanawe. Kwao kulala kwa mwajiri ni njia ya kuweka akiba. Na yule wa kwenda na kurudi naye ana mzigo wake: anaondoka kabla ya alfajiri, anamwacha mtoto wake kwa jirani ili awahi kumwamsha wa kwetu, na anarudi gizani. Kwa hiyo hatusemi kwamba mpango mmoja ni mtakatifu na mwingine ni dhambi.

Tunachosema ni hiki. Kama nusu ya mshahara imebaki kwetu kwa ajili ya kitanda na chakula, basi amekwisha kuvilipia. Yeye ni mpangaji wetu. Hakuna mwenye nyumba anayemgongea mpangaji saa nane za usiku amwandalie mtoto maziwa na asubuhi asimwambie lolote kuhusu malipo. Lakini kwa anayelala ndani jambo hilo hutokea na halina hata jina. Tumemkata mshahara kwa sababu analala kwetu, kisha tumechukua na usiku wenyewe. Anayefanya saa nyingi zaidi ndiye anayelipwa kidogo zaidi.

Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva tarehe 16 Juni 2011, uliugusa mfupa huu. Unasema mfanyakazi na mwajiri wawe huru kukubaliana kama atalala ndani au la; anayelala ndani apewe makazi yenye staha na faragha; asilazimishwe kubaki nyumbani wakati wa mapumziko yake; apate angalau saa 24 mfululizo za kupumzika kila juma; na abaki na hati zake za kusafiria mikononi mwake. Hata tusipofungwa na mkataba huo, kipimo chake ni kizuri kwa sababu hakiulizi analala wapi tu. Kinauliza kama usiku wake ni wake.

Somo la majirani

Hatuhitaji kwenda mbali kuona tofauti. Hong Kong, saa moja hivi kwa treni ya kasi, ina wafanyakazi wa nyumbani wa kigeni zaidi ya 300,000, wengi wakiwa wanawake wa Ufilipino na Indonesia. Tangu mwaka 2003 wanatakiwa kuishi kwa mwajiri. Mwenye kupanga chumba chake anavunja masharti ya viza. Sheria inawapa siku moja ya mapumziko kila juma, na wengi huipata Jumapili. Ndiyo maana ukifika mtaa wa Central Jumapili unawakuta maelfu wameketi chini, wametandika maboksi, wanakula, wanasukana nywele, wanaomba. Wana siku, ila hawana mlango wa kuingia na kuufunga.

Sasa watazame wanawake wa Shunde, kusini tu mwa mji wetu huu. Zamani, katika nchi ya mashamba ya hariri, walikuwapo wanawake walioapa kutoolewa na kujitegemea kwa kazi ya mikono yao. Biashara ya hariri ilipoanguka miaka ya 1930, wengi walikwenda Hong Kong na Singapore kuwa walezi na wapishi katika nyumba za watu, wakijulikana kwa blauzi nyeupe na suruali nyeusi. Walilala kwa waajiri. Lakini walikuwa na desturi ya kuchanga kodi wachache pamoja na kupanga chumba chao mjini. Humo waliweka masanduku yao, walikutana siku za mapumziko, na humo aliyeachishwa kazi alipata pa kulala akitafuta nyingine. Wale wa Singapore walichanga hata fedha za kujenga nyumba ya kuzeekea kwao Jun'an, Shunde, mwaka 1950.

Wanawake hao walielewa jambo ambalo waajiri husahau. Anayelala kwa mwajiri, akikosana naye asubuhi, jioni hana kazi na hana kitanda, vyote kwa siku moja. Hofu hiyo ndiyo inayomfanya anyamaze anapocheleweshewa mshahara. Anayerudi kwake anaweza kusema hapana, akalala, akatafuta kazi kesho. Kile chumba cha kuchangia kiliwarudishia wanawake wa Shunde uwezo wa kusema hapana.

Binti aliyeletwa

Hapa tunafika kwenye lililo zito zaidi kwetu. Wapo wanaofikiri kwamba ayi ni ghali na hajui ugali wala Kiswahili, hivyo heri kumleta mtoto wa shangazi kwa viza ya matembezi. Nia inaweza kuwa njema: mtoto apate malezi ya nyumbani, na binti naye aone dunia. Lakini kanuni za China za mwaka 1996 kuhusu ajira za wageni zinakataza mtu binafsi kumwajiri mgeni, na nafuu zilizotolewa baadaye zimewalenga wataalamu wa ngazi ya juu, si mwenye kibanda cha nguo. Sheria ya kuingia na kutoka, iliyoanza Julai 2013, inamtaka mgeni anayelala nje ya hoteli aandikishwe polisi ndani ya saa 24. Viza ikiisha, faini ni yuan 500 kwa siku hadi 10,000, au kizuizini siku 5 hadi 15.

Fikirini basi maisha ya binti huyo siku ya thelathini na moja. Hawezi kutoka peke yake. Hawezi kulalamika popote. Hajui Kichina. Pasipoti yake imewekwa kwenye droo ya mwenye nyumba "isipotee". Kwake neno "kulala ndani" limebadilika maana: amefungiwa, na anayejua hivyo ni sisi tu.

Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wanawake wa Tanzania waliokwenda kufanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Yalikuwamo mambo ya pasipoti kunyang'anywa, saa nyingi bila mapumziko, mishahara isiyolipwa. Mambo kama hayo yanatutia uchungu, na ni haki yatutie. Uchungu huo uwe mmoja, mwajiri awe Mwarabu au awe mama anayeketi nasi benchi moja.

Majibu kwa wenye shaka

Wengine watasema: mtoto huugua usiku, tutafanyaje? Mtoto ataugua, na ataamshwa mtu. Kinachotakiwa ni makubaliano tangu mwanzo: usiku upi ni zamu yake na upi ni wetu wazazi, na zamu hiyo ihesabiwe katika malipo au katika mapumziko ya kesho yake.

Wengine watasema: binti wa watu tukimwachia Jumapili nzima atapotea mjini. Kama ni mtu mzima, siku yake si yetu ya kumpa ama kumnyima. Na kama ni mdogo kiasi cha kuhitaji kulindwa hivyo, basi mahali pake ni shuleni, si jikoni kwetu.

Wengine watasema: chumba ni kimoja na sebule, faragha itoke wapi? Huo ni ukweli, na ndio unaopaswa kuamua. Asiye na mahali pa kumlaza mtu kwa staha, pazia, kitasa, sanduku la vitu vyake, achukue wa kwenda na kurudi, hata kama ni kwa saa chache na fedha zaidi.

Amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5 inawataja mtumwa na mjakazi wapumzike kama bwana wao, na sababu inayotolewa pale ni kumbukumbu: Israeli nao walikuwa watumwa katika nchi ya ugenini. Nasi ni wageni hapa. Tunajua kulala katika nyumba ambayo mwenyewe anaweza kutwambia tuhame mwisho wa mwezi. Ayi wetu naye ni mgeni katika Guangzhou. Mwanawe analelewa na bibi kijijini, kama wengi wa wetu.

Kwa hiyo Jumapili hii, kabla ya kuondoka, tutazame nyuma ya ukumbi. Yule binti anayewashika watoto wetu ili sisi tuimbe kwa utulivu, yuko ibadani au yuko kazini? Kama yuko kazini, siku yake ya mapumziko ni ipi?

Maswali ya kuzungumza nyumbani juma hili

1. Anayetulelea watoto, hapa au nyumbani Afrika, anamaliza kazi saa ngapi? Yeye akiulizwa atataja saa ile ile?
2. Pasipoti au kitambulisho chake kiko wapi usiku huu?
3. Akiamua kuacha kazi kesho, atalala wapi, na nauli ya kumrudisha kwao tumeshaiweka?
4. Tumewahi kumwuliza kama angependa kulala kwetu au kwake?