Anunuaye Dawa kwa Mali Yake, Amkosea Nani?

Tumeulizwa na mmoja katika wasomaji wetu: mtu akipatwa na mafua, akaenda dukani akanunua vidonge vinne vya amoksilini kwa pesa zake za halali, akavimeza, je, ana makosa? Na kama anayo, amemkosea nani, hali mwili ni wake na mali ni yake?

Suali hili ni jema, na jawabu yake si nyepesi kama wengi wadhanivyo. Twaanza na jambo ambalo hapana tabibu alipingaye. Mafua huletwa na virusi, na antibiotiki haziui virusi. Basi aliyemeza vidonge vile hakujitibu. Lakini mwilini mwake mna vijidudu vingine visivyo na idadi. Vilivyo dhaifu hufa, na vyenye kuistahamili dawa husalia, vikapata nafasi ya kuzaana. Tena vijidudu hivi hupeana siri ya ustahamilivu wao, hata na visivyokuwa vya jamii yao, kama watu wapeanavyo hirizi. Ila hirizi ya vijidudu, kwa bahati mbaya, yafanya kazi. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alilionya jambo hili mwaka 1945 alipopewa tuzo ya Nobel. Mwaka 2019 usugu huu ulikadiriwa kuwa ndio uliowaua watu milioni 1.27 duniani.

Hapo ndipo neno "mali yangu" linapoanza kutetereka. Sisi watu wa pwani twajua wakfu ni nini. Mwenye haki ya kuchota maji katika kisima cha wakfu hana haki ya kukifukia. Kidonge amekinunua, ni kweli. Lakini nguvu ya dawa ile kuponya hakuinunua, wala haiuzwi dukani. Hiyo ni shirika baina yake na jirani, na mtoto wa jirani ambaye hajazaliwa bado.

Atakaye ushahidi na autazame mtaa wa Kibera, Nairobi. Mtaa huo si mgeni kwetu: waliouanza ni Wanubi, askari Waislamu wa jeshi la King's African Rifles, waliokaa huko mwanzoni mwa karne ya 20. Leo ni vyumba vya mabati vilivyobanana, na mipira ya maji yapita ndani ya mitaro ya uchafu. Watafiti wa KEMRI na wenzao walipoichunguza homa ya matumbo mtaani humo baina ya 2007 na 2009, waliona kuwa imewashika khasa watoto, na kwamba sehemu kubwa ya vijidudu vyake havikuuliwa tena na kloramfenikoli, ampisilini wala kotrimoksazoli, dawa za bei rahisi zilizokuwa tegemeo la maskini. Ikabidi kukimbilia siprofloksasini, nayo imeanza kuchoka. Huko Sindh, nchini Pakistan, tangu 2016 imezuka homa ya matumbo isiyosikia hata seftriaksoni ya sindano.

Wako wasemao: basi kosa ni la watu wa Kibera na Kawangware, wanunuao vidonge viwili viwili. Sisi hatukubali. Kibarua wa Kawangware hulipwa kwa siku. Akishinda katika foleni ya zahanati, jioni hana cha kuwapa watoto. Hununua nusu ya dawa kwa kuwa ana nusu ya pesa. Isitoshe, utafiti mwingine wa Kibera, uliotolewa 2021, ulionyesha kuwa kubeba vijidudu sugu kuliambatana na hali ya usafi na mazingira kuliko na dawa alizokunywa mtu. Yaani mtu aweza kuwa hakumeza hata kidonge kimoja, na usugu ukamfikia nyumbani kwake. Lawama ya hapo yawaangukia kwanza wenye dhamana ya maji na vyoo. Kisha yamwangukia mwenye duka, ambaye ajua kuwa sheria yataka cheti cha daktari, naye huuza bila cheti kwa hoja ya kuwa asipouza yeye atauza jirani yake. Hoja hiyo ni ya kila muuza haramu.

Lakini muulizaji wetu hakai Kibera. Yeye ni mtu wa mjini, ana daktari, na ana nauli ya kumfikia. Dharura humpunguzia maskini lawama. Yeye dharura yake ni ipi, isipokuwa haraka? Basi twamjibu: naam, ana makosa, tena mazito kuliko ya yule kibarua. Aliyemkosea ni kila mtu atakayeihitaji dawa ile kesho, na huenda akawa mwanawe mwenyewe. Daktari aandikaye antibiotiki ili mgonjwa asiondoke mikono mitupu, naye yumo katika hesabu hiyo.

Hatusemi dawa ziachwe. Mwenye kuandikiwa na tabibu na azitumie kwa kipimo na siku alizoambiwa, wala asimgawie mwenzake zilizobaki. Na liko jambo jingine lililo bora kuliko dawa. Mwezi wa Julai 2025 Kenya ilianza kuwachanja watoto wa miezi 9 hadi miaka 14 dhidi ya homa ya matumbo. Mzazi ambaye mtoto wake alipitwa na aende akaulize katika zahanati iliyo karibu naye.