Keki ya Mama ni ya Nani?

Katika nyumba nyingi za washarika wetu kuna daftari ambalo halikai pamoja na vitabu. Linakaa kabati la jikoni, au chini kabisa kwenye sanduku la vitenge, na kurasa zake zina madoa ya mafuta. Ndani yake mama au bibi ameandika namna ya kuoka keki: siagi robo kilo, sukari kikombe, mayai sita, unga vikombe viwili, ganda la limao la kukuna, iliki kidogo, moto wa wastani. Basi. Wengine walijifunza mapishi hayo kwenye vipindi vya akina mama usharikani, wengine shuleni katika Sayansi Kimu, wengine walikuwa watumishi wa ndani katika nyumba za wageni na wakarudi nayo kijijini vichwani.

Mpendwa msomaji, nataka tuulize swali linaloonekana dogo. Anayerithi daftari hilo amerithi nini hasa, na ana ruhusa ya kulifanyia nini?

Watu wengi watajibu haraka kwamba amerithi mapishi, na wajibu wake ni kuyafuata kama yalivyo. Lakini jaribu. Mayai sita ya mama yalikuwa ya kuku wa kienyeji, madogo. Ukivunja mayai sita ya kuku wa kisasa, mchanganyiko unakuwa mwepesi na keki inabonyea katikati. Moto wa wastani ulikuwa moto wa mkaa: sufuria kubwa lenye mchanga, bati la keki ndani yake, kifuniko, na makaa mengine juu ya kifuniko. Oveni ya umeme haina makaa ya juu wala ya chini. Kwa hiyo anayetii herufi za daftari leo ataoka kitu ambacho mama hakuwahi kukioka, na anayetaka keki ya mama hana budi kubadilisha hesabu za mama. Mimi nilipoanza kufundisha somo la mapokeo ya Kanisa, mfano huu ulinisaidia kuliko vitabu kadhaa.

Wakristo wa Kilutheri tuna sababu ya pekee ya kulifikiria jambo hili, maana keki na Matengenezo ya Kanisa viliwahi kukutana. Kule Saksonia, nchi ya Luther, upo mkate mtamu wa Noeli uitwao Stollen, na Dresden ndiyo mji wake maarufu. Leo umejaa siagi na zabibu kavu, na juu umenyunyiziwa sukari nyeupe; watu husema umbo lake linamkumbusha Mtoto aliyevikwa nguo za kitoto. Lakini Stollen ya zamani ilikuwa chakula kikavu. Majira ya Adventi yalikuwa ya kufunga, na siagi na maziwa vilikatazwa, hivyo waliukanda kwa unga, maji na mafuta ya mbegu. Watawala wa Saksonia walimwomba Papa alegeze, na mwaka 1491 Papa Innocent wa Nane akatoa barua ya kuruhusu siagi, kwa sharti la kulipa fedha za ujenzi wa kanisa. Mwaka 1520 Luther, katika waraka wake kwa watawala Wakristo wa taifa la Ujerumani, aliligusa jambo hilo la siagi kwa hasira: Roma ilikuwa inawauzia watu uhuru ambao Injili ilikwisha kuwapa.

Sasa niambie, mapishi ya asili ya Stollen ni yapi? Yale ya mafuta, au yale ya siagi? Bibi wa Dresden anayelinda daftari lake kwa wivu analinda badiliko. Kila kitu cha zamani kilikuwa kipya siku fulani, na pengine kilizua ugomvi. Naongeza kwa kupita tu kwamba jamii ya misheni iliyoleta Ulutheri Kilimanjaro mwaka 1893, tunayoiita ya Leipzig, ilianzia Dresden mwaka 1836, na Bruno Gutmann, yule mmisionari wa Old Moshi aliyeandika sana kuhusu ukoo na ujirani wa Wachaga, alizaliwa mji huohuo. Kama alitamani Stollen yake kila Desemba chini ya migomba, sitashangaa.

Lakini kisa cha Saksonia kina swali la pili, gumu zaidi, nalo ni la bei. Ni lini kuuza ni halali, na ni lini ni kumfunga mtu kwa kitu ambacho ni chake tayari? Swali hili lililetwa ofisini kwangu na ndugu wawili wa tumbo moja. Ninalieleza kwa ruhusa yao, na mambo ya kuwatambulisha nimeyaacha.

Mama yao alikuwa muokaji. Hakuwahi kuuza. Alioka mtu alipojifungua, alioka siku ya tatu baada ya maziko watu walipoanza kutawanyika na nyumba ya wafiwa kuwa kimya, alioka kwa watoto wa Kipaimara ambao wazazi wao hawakuwa na kitu. Alipofariki, daftari lilikwenda kwa mdogo. Huyu ana watoto watatu na mume asiye na kazi ya kudumu, akaanza kuoka na kuuza, na biashara ikashika. Dada mkubwa akaumia. "Baba Mchungaji," aliniambia, "mama hakuuza hata kipande. Huyu anauza mkono wa marehemu." Mdogo akajibu kwamba mkono ni wake, na mkaa anaununua yeye.

Nilikuwa upande wa mdogo, na bado niko upande wake kwa sehemu kubwa. Soma Mathayo 10. Bwana anawakataza mitume kutoza kwa kile walichopokea bila malipo, na mistari miwili tu mbele anasema kwamba mfanyakazi anastahili chakula chake. Wengi wetu tunachagua mstari mmoja kulingana na nani anayedai. Yote miwili imesemwa kwa pumzi moja. Unga una bei, mayai yana bei, kuamka saa kumi usiku kusugua siagi na sukari kwa mwiko hadi viwe vyeupe kuna bei. Kumdai mwanamke maskini aendelee kutoa bure kwa sababu mama yake aliweza ni kumtwika sadaka ambayo hajaitoa yeye. Tena mama yule alikuwa na mume mwenye mshahara, jambo ambalo dada hakulitaja.

Hata hivyo, katika mazungumzo likatokea jambo lingine. Mdogo alikuwa amekataa dada yake asinakili ukurasa ule, hata kwa kupiga picha kwa simu. Na dada naye alikuwa na kitu. Yeye ndiye aliyekaa jikoni na mama miaka yote. Alijua kwamba "kikombe" cha daftari ni kikombe kimoja cha bati chenye mkono uliovunjika, kikubwa kuliko vikombe vya sasa, na kikombe hicho kiko kwake. Alijua kwamba makaa ya juu huwa mengi kuliko ya chini. Hayo hayakuandikwa, na hakuyasema. Alikuwa akionja keki za mdogo wake kwenye sherehe za watu na kunyamaza.

Hapo nikaona kwamba bei haikuwa dhambi, na kwamba dhambi ilikuwapo kwa wote wawili. Tulipokuwa darasa la Kipaimara tulikariri maelezo ya Luther juu ya amri ya saba. Haishii kwenye kutochukua cha jirani; inatutaka tumsaidie alinde na astawishe mali yake na riziki yake. Dada aliacha riziki ya mdogo wake idumae kwa kunyamaza. Mdogo alishika kwa ufunguo kitu alichopewa na mtu aliyekuwa mama wa wote wawili, na hapo alianza kufanana na wale wenye barua ya siagi.

Niliwaeleza hivyo, kila mmoja mbele ya mwenzake. Dada alilia. Mdogo hakulia, aliuliza swali. "Na nikimpa, Mchungaji, naye akaanza kuuza mtaa huohuo kwa bei ya chini?"

Ni swali la haki, na wahubiri tuna tabia mbaya ya kulijibu kwa mjane wa Sarepta, yule wa 1 Wafalme 17, aliyemwokea Eliya kwanza kwa unga wake wa mwisho na chombo kisipungue. Lakini mjane yule alipewa ahadi kwa kinywa cha nabii kabla ya kuoka. Mimi sina ahadi ya namna hiyo kwa muuza keki wa mtaani kwetu. Nilimjibu kwamba inawezekana kabisa, wateja wakagawanyika, na mwezi mmoja ada ikakosekana. Nikamwambia kwamba bado nadhani anapaswa kumpa. Aliomba apewe muda, nami sikumharakisha.

Ninapoandika haya ukurasa haujanakiliwa, na kikombe kiko kabatini kwa dada. Jumapili iliyopita walikaa benchi moja.